GARI LA KIKUNDI: LAND ROVER AU LAND CRUISER?

  

Leo mazungumzo yetu hayahusu mbegu, wala dawa ya kupulizia mikorosho. Leo nataka tuzungumze juu ya gari. Najua wapo watakaosema, "Bwana Shamba naye kaacha jembe, kawa fundi magari." Sivyo, ndugu zangu. Vikundi vingi vya wakulima siku hizi vinaweka akiba mpaka vinafikia kununua gari la kikundi. Hilo ni jambo jema, kwa sababu zao lililokwama shambani halina bei. Lakini nimeona kwa macho yangu akiba ya miaka mitano ikigeuka chuma chakavu chini ya mwembe, kuku wanatagia ndani. Kwa hiyo jambo hili ni la Bwana Shamba pia.

Mwaka jana niliitwa Bweni, kule kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, karibu na Rasi Mkumbi. Wewe uliye Songea au Mpwapwa pengine hujafika huko, basi nikueleze. Kutoka Bweni mpaka Kilindoni, makao makuu ya wilaya, ni karibu kilomita 50. Kilindoni ndiko kuliko hospitali ya wilaya na bandari, na ndiko waliko wanunuzi wengi. Watu wa Bweni wana nazi, wana korosho, wana mihogo na samaki, na mikeka yao ya ukili inasifika. Wanachokosa ni njia ya kuvifikisha vitu hivyo sokoni. Kiangazi gurudumu linazama katika mchanga. Masika linazama katika tope.

Kikundi kilichoniita kina watu 24, wanaume kwa wanawake. Mfukoni walikuwa na shilingi milioni 30. Walikuwa wameonyeshwa magari mawili, yote yametumika miaka mingi. La kwanza ni Land Rover Defender 110, injini yake ile inayoitwa 300 Tdi, bei milioni 14. La pili ni Toyota Land Cruiser ya mabati mpaka juu, aina ambayo vijana huiita mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda ubavuni. Bei milioni 29.

Tulikaa chini ya mkorosho. Kijana mmoja akaanza: "Wazee wangu, tusipoteze wakati. Sisi tunataka Land Cruiser. Gari lile haliogopi mchanga."

Mzee mweka hazina akamjibu: "Mwanangu, ukinunua ng'ombe kwa fedha yote, kamba utanunua kwa nini? Tuchukue Land Rover, chenji ibaki."

Mabishano yakawa makubwa. Ndipo mama mmoja aliyekuwa anasuka ukili akasema bila kuinua macho: "Mimi sijui hilo wala lile. Ninachojua, masika iliyopita binti wa jirani yangu alishikwa na uchungu usiku, akapakiwa kwenye pikipiki mpaka Kilindoni. Yeye alifika, Mungu mkubwa. Mtoto hakufika. Basi Bwana Shamba, wewe nitajie gari litakalowaka saa nane ya usiku."

Ndugu mkulima, pale mkutano ulinyamaza. Na mimi nikaona kwamba mama yule ametupa kipimo cha kazi yote. Basi tulianza upya, hatua kwa hatua, na hatua hizo ndizo nitakazokupa leo.

Hatua ya kwanza: jueni kazi ya gari kabla hamjalitazama.

Andikeni katika daftari: gari litabeba nini, uzito gani, mara ngapi kwa juma, katika njia ya namna gani. Msikisie. Chukueni nazi 10 zilizofuliwa, wekeni juu ya mizani, gawanyeni kwa 10. Hapo mtajua uzito wa nazi moja ya kwenu, na mtajua nazi 500 ni kilo ngapi.

Magari yote mawili niliyoyataja hubeba karibu tani moja. Lakini sikilizeni vizuri: tani hiyo ni pamoja na dereva na abiria. Watu 10 wenye kilo 65 kila mmoja tayari ni kilo 650. Zilizobaki ni kama kilo 350 tu. Kwa hiyo gari haliwezi kubeba watu 10 na magunia 10 ya nazi siku moja. Uzito halali umeandikwa kwenye bamba la kiwanda au kwenye kadi ya gari. Msomesheni dereva aujue.

Pale Bweni hesabu ilionyesha jambo ambalo hawakulitegemea. Nazi zao nyingi zingeweza kwenda kwa lori la kukodi mara mbili kwa mwezi, zikiwa zimekusanywa mahali pamoja. Kilichohitaji gari la kikundi kweli ni samaki, wagonjwa, pembejeo, na mizigo midogo ya kila juma.

Hatua ya pili: hesabuni gharama ya kulifuga gari, siyo bei ya kulinunua peke yake.

Gari ni kama ng'ombe wa maziwa. Siku ya kununua mnafurahi, lakini kesho yake asubuhi anataka majani.

Tuanze na mafuta. Magari yote mawili yanatumia dizeli. Land Rover yenye injini ya Tdi ina silinda 4, lita 2 na nusu, nayo huenda kama kilomita 9 au 10 kwa lita moja. Land Cruiser yenye injini inayoitwa 1HZ ina silinda 6, lita 4 na pointi 2, nayo huenda kama kilomita 7 au 8. Kwenda Kilindoni na kurudi ni kilomita 100. Land Rover itakunywa lita 10 au 11, na Land Cruiser lita 13 au 14. Tofauti ni kama lita 3 kwa safari. Mkienda safari 150 kwa mwaka, ni lita 450. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 1,350,000 kwa mwaka. Siyo fedha ndogo. Lakini mkumbuke kuwa injini moja ikifa, fundi atataka zaidi ya hiyo.

Matairi je? Hapa hakuna ugomvi, maana magari haya mawili mara nyingi huvaa tairi la saizi moja, 7.50 kwa rimu ya 16. Hesabuni matairi matano na la akiba likiwemo.

Kisha kuna mkanda wa taimingi. Injini zote mbili hizi zina mkanda huo wa mpira ndani. Ukikatika, injini inaharibika palepale. Muuzaji akisema "ulibadilishwa juzi", mwambieni alete risiti. Kama hana, hesabuni kwamba haujabadilishwa, na fedha ya kuubadilisha iingie katika bei.

Baada ya hapo kuna bima, kuhamisha umiliki kwenye Mamlaka ya Mapato, na mshahara wa dereva. Na kama mtachukua watu kwa nauli, lazima mpate leseni ya LATRA na bima ya kubeba abiria. Msidanganyike kwamba ni gari letu wenyewe. Bima ya gari la binafsi haikukusudiwa abiria wa nauli. Ajali ikitokea, deni litarudi kwa wanakikundi, na mashamba yenu ndiyo yatakayotazamwa.

Kanuni yangu kwa vikundi ni hii: katika kila shilingi 4 mlizonazo, 3 ndizo za kununulia gari, na 1 ni ya kulifugia. Kwa mfuko wa milioni 30, gari lisizidi milioni 22 na nusu. Hapo Land Cruiser ya milioni 29 ilikwisha kujitoa yenyewe. Kijana wetu alinuna, lakini hesabu aliiona.

Hatua ya tatu: tazameni chumvi na vipuri.

Ninyi mnaokaa bara mnaweza kuipita sehemu hii haraka. Wa pwani na visiwani, sogeeni karibu na redio.

Kwa Land Rover kuna maneno watu husema: "Bodi yake haishiki kutu." Ni kweli nusu. Gari hilo lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na toka mwanzo bodi yake ni ya alumini, ambayo haishiki kutu nyekundu. Lakini chesisi, yaani yale mabomba mazito yanayobeba gari zima, ni ya chuma. Upepo wa bahari unaila chesisi kimyakimya huku bodi inang'aa. Na pale alumini inapogusana na chuma penye chumvi, utaona unga mweupe unatoka na bati linaoza. Land Cruiser ni ya chuma kote, kwa hiyo kutu yake unaiona mapema: milangoni, chini ya vioo, katika matao ya magurudumu. Nayo chesisi yake huoza vilevile, hasa upande wa nyuma.

Dawa ya kupima ni nyepesi. Chukueni nyundo ndogo na bisibisi, lalieni mkeka chini ya gari. Gongeni chesisi mwanzo mpaka mwisho. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hulia kama debe lenye mchanga. Mahali penye mlio mbaya, sukumeni bisibisi. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa juzi isiwafurahishe, maana huenda ndiyo inayoficha.

Pale Bweni mzee mweka hazina alishika bisibisi mwenyewe. Nyuma ya gurudumu la kushoto bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini. Mzee alitoka chini ya gari ile Land Rover, akajipangusa magoti, akasema, "Bwana Shamba, shilingi milioni 14 hizi zingekuwa zimenunua bati la bodi tu." Hakuongeza neno.

Juu ya vipuri, Defender ya namna ile ilikoma kutengenezwa Januari 2016, lakini vipuri vyake bado vinatengenezwa na kuuzwa, na vingi si ghali. Ni gari rahisi kufungua. Fundi mwenye spana chache hufanya mengi. Ubaya wake ni kwamba linataka kufunguliwa mara kwa mara. Mafundi wana mzaha wao: Land Rover ikiacha kuvuja oili, harakisha utazame kama bado imo. Land Cruiser ya aina hii ya 70 ilianza mwaka 1984, na injini ya 1HZ ilikuja mwaka 1990. Vipuri vyake viko tele Dar es Salaam, lakini bei yake ni juu, na vya bandia ni vingi kwa sababu gari lina jina. Linaharibika kwa nadra, ila likiharibika linauma.

Sasa jiulizeni: kipuri kikitakiwa Bweni, kitatoka Dar es Salaam, kitapita Nyamisati, kitavuka maji mpaka Kilindoni, ndipo kipande kilomita 50 nyingine. Gari la mbali hivyo linataka sanduku lake la akiba: chujio za oili na dizeli, mikanda ya nje, mipira ya maji, pedi za breki, balbu, na fyuzi. Na linataka mtu wa hapohapo kijijini anayejua kuvifunga. Kikundi kisicho na kijana aliyejifunza ufundi kinamtegemea mtu ambaye saa nane ya usiku amelala Kilindoni.

Hatua ya nne: usalama.

Haya ni magari ya kazi, ya zamani. Mengi hayana ile mifuko ya hewa ya kumkinga mtu ajali ikitokea. Kwa hiyo usalama wenu uko katika mambo ambayo mnayaweza wenyewe.

Viti vya nyuma mara nyingi ni mabenchi ya ubavuni, watu wanatazamana, na mabenchi mengi hayana mikanda. Gari likisimama ghafla abiria wanarushwa mbele mmoja juu ya mwingine. Mgonjwa na mama mjamzito wasikae huko kama kiti cha mbele chenye mkanda kipo. Kama mtatengeneza viti, tengenezeni vinavyotazama mbele, vyenye mikanda iliyofungwa kwenye chuma imara. Msiifunge kwenye bati.

Yote mawili ni marefu na yamesimama juu. Mzigo mkipandisha kwenye paa, gari linakuwa kama mnazi mwembamba katika upepo. Mzigo mzito ukae chini, katikati, ufungwe kwa kamba. Nazi iliyo huru ndani ya gari ni jiwe la kumpiga mtu kichwani.

Matairi tazameni umri wake, msitazame meno tu. Ubavuni kuna namba nne ndani ya kiduara. Ikiwa 2319, maana yake lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la zamani lenye meno mazima hupasuka ghafla.

Katika mchanga wa kina, punguzeni upepo wa matairi mpaka kama paundi 20, mwende polepole, kisha mjaze tena mkifika njia ngumu. Kwa hiyo pampu iwe ndani ya gari siku zote. Land Rover hii huvuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, na ina kifaa cha kufunga difu ya katikati mkikwama. Land Cruiser huvuta kwa magurudumu ya nyuma mpaka dereva aingize gia ya manne, na nyingine lazima ashuke azungushe hab za mbele kwa mkono. Dereva ajifunze kabla ya kukwama, na aitoe gia hiyo akirudi kwenye lami kavu.

Na msiliendeshe gari ufukoni maji yakipwa kwa sababu njia ni fupi. Faida ya dakika 20 mtailipa kwa chesisi. Likigusa maji ya chumvi, lioshwe kwa maji baridi ya kisima siku hiyohiyo, na chini pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, watu wa Bweni walinunua gari lipi? Ndugu mkulima, hawakununua. Land Cruiser ingemaliza mfuko, na Land Rover ilikuwa imeoza. Kijana akaniuliza, "Sasa Bwana Shamba, ndiyo umetuambia tusinunue kabisa?" Nikamwambia hapana. Mkitakiwa kuchagua kati ya magari mawili, haimaanishi lazima mtoke na moja.

Waliniuliza pia, kama yote mawili yangekuwa mazima na fedha inatosha, ningechagua lipi? Nilijibu waziwazi: kwa Bweni, Land Cruiser. Itakunywa zaidi na mtailipia zaidi, lakini mbali na mafundi namna ile, gari lisiloharibika mara kwa mara ndilo rahisi. Kwa kikundi kilicho karibu na mji, chenye fundi wao wenyewe na fedha kidogo, Land Rover yenye chesisi nzima inafaa sana, wala wasione haya. Lakini kati ya Land Rover nzima na Land Cruiser iliyooza, chukueni nzima. Jina halivuki mchanga.

Walipiga hesabu. Kwa gari la milioni 29 mfuko unatakiwa ufikie kama milioni 39. Wakakubaliana kungoja na kuongeza akiba kutokana na korosho, na kumpeleka kijana wetu yule akajifunze ufundi. Nazi zinakwenda kwa lori la kukodi, zote pamoja.

Na saa nane ya usiku? Hilo halikungoja. Walitenga shilingi milioni 1 kuwa mfuko wa dharura, wakaandikiana mkataba na mwenye gari mmoja wa Kanga, kijiji jirani. Bei ya safari ya usiku imekwisha kuandikwa, hakuna kubishana mgonjwa akiwa mlangoni. Pia tuliwakumbusha juu ya mpango wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ambao hupigiwa simu namba 115 bila malipo. Kila nyumba imeandikiwa namba hizo mbili.

Mwezi uliopita yule mama wa ukili alinitumia salamu. Alisema: "Mwambieni Bwana Shamba gari bado, lakini gari la Kanga limekwisha itwa mara mbili usiku, na mara zote mbili limekuja."

Basi ndugu mkulima, kabla hatujaagana nikukumbushe kwa ufupi. Pimeni kazi ya gari kwa mizani na daftari. Katika kila shilingi 4, wekeni 1 ya kulifuga. Lalieni mkeka, mgonge chesisi. Fungeni mikanda, mzigo ukae chini. Na kama magari mliyoonyeshwa yote ni mabaya, rudini nyumbani na fedha yenu. Fedha haishiki kutu.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kukausha mbata ili isiingie ukungu.